Kompyuta ya Ofisi: Mipaka Inayolinda Kazi na Mfanyakazi

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya makatibu na watunza hazina wa sharika. Imechapwa hapa kwa ombi la washiriki.)



Nimeombwa nizungumze juu ya matumizi ya kompyuta katika ofisi zetu. Huenda baadhi yenu mmekuja mkidhani nitafundisha namna ya kuandika barua au kupiga hesabu kwa mashine. Sivyo. Leo tuzungumzie jambo moja tu: nani aruhusiwe kufanya nini katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi.

Jambo hili limeleta manung'uniko katika baadhi ya ofisi. Mfanyakazi akiambiwa kwamba kuanzia leo hawezi kuweka programu mpya, au hawezi kufungua folda ya mishahara, husema, "Basi mmeniona mwizi." Nataka kulijibu nung'uniko hilo, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Orodha iliyopungukiwa majina manne

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, ofisi yetu ya miradi ilikuwa na kompyuta moja ya mezani. Ilikuwa na akaunti moja tu, jina lake "Ofisi", na neno la siri lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi. Mhasibu aliitumia, katibu muhtasi aliitumia, dereva aliandika humo taarifa za safari zake, na vijana wa kujitolea walikuja jioni kuandika ratiba za kwaya na kadi za michango ya harusi. Sote tuliingia kwa jina hilo hilo, na kila aliyeingia aliweza kufanya lolote: kusoma, kubadili, kufuta, kuweka programu na kuiondoa. Tuliona kwamba huo ndio umoja.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na orodha ya watoto yatima wanaolipiwa ada na wahisani. Muhula mmoja tulituma fedha shuleni kwa kufuata orodha hiyo. Wiki mbili baadaye bibi mmoja alifika ofisini akiwa amemshika mkono mjukuu wake. Mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Tulipoangalia, jina lake halikuwamo. Tulipohesabu tukakuta watoto wanne hawamo, na sisi wenyewe ndio tuliowaandikisha mwanzoni mwa muhula.

Swali likawa: nani amefuta? Siku moja kabla ya kuchapa orodha, kijana mmoja wa kujitolea alikuwa amebaki ofisini peke yake hadi usiku. Hakuna aliyemshtaki waziwazi. Lakini aliulizwa maswali, tena mbele za watu, na ufunguo wa ofisi aliokuwa akiachiwa hakupewa tena. Alikana. Hakuwa na njia ya kujitetea, kwa sababu kila kilichofanyika katika mashine ile kilikuwa na jina moja tu: Ofisi. Baada ya mwezi aliacha kuja. Hata kwaya akahamia usharika mwingine.

Miezi kadhaa ikapita. Tukamwita fundi atuondolee virusi, nami nikamsimulia habari ile. Aliomba kuliona faili lenyewe, ambalo tulikuwa tumeliweka kando, akaangalia tarehe lilipobadilishwa mara ya mwisho. Akaniambia, "Mratibu, tarehe hii ni ya kabla hamjawaandikisha hao watoto. Hakuna aliyefuta majina. Hapa faili la zamani limewekwa juu ya faili jipya. Nani huwa anabeba nakala?"

Ndugu zangu, aliyekuwa akibeba nakala ni mimi. Nilikuwa nimechukua folda nzima kwenye flashi ili niandike taarifa ya wahisani nyumbani. Niliporudi niliimwaga folda yote katika kompyuta ya ofisi. Mashine iliniuliza kama nataka faili hili lichukue nafasi ya lile, nikabonyeza ndiyo bila kusoma.

Ada za wale wanne tulikuwa tumezilipa mara tu tulipogundua, lakini wiki mbili za masomo hazikurudi. Nilikwenda nyumbani kwa yule kijana, nikamwomba radhi mbele ya wazazi wake, kisha nikarudia maneno yale yale mbele ya wafanyakazi. Alinisamehe. Kazi ya kujitolea hakuirudia, nami simlaumu.

Tazameni basi. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa mle ofisini, na sikuwa na haja ya kuandika chochote katika orodha ile. Haja yangu ilikuwa kuisoma. Kama kompyuta ingeniruhusu kusoma tu, ingekataa kupokea faili langu la zamani. Watoto wanne wangebaki shuleni, na kijana mwaminifu asingeondoka kwetu na jina lililochafuka.

Sadaka tunaihesabu watu wangapi?

Nawauliza watunza hazina: Jumapili baada ya ibada, sadaka inahesabiwa na watu wangapi? Hakuna usharika hapa unaomwachia mzee mmoja akahesabu peke yake mlango ukiwa umefungwa. Mnahesabu zaidi ya mmoja, mnaandika, mnatia sahihi. Je, ni kwa sababu wazee wetu ni wezi? La hasha. Ni ili mzee anaporudi nyumbani jioni, pasiwe na mtu wa kumnyooshea kidole.

Mtume Paulo naye, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza jinsi ndugu aliyechaguliwa na makanisa alivyoambatana nao katika kupeleka mchango. Hakutaka pawe na nafasi ya mtu kuwatilia shaka kuhusu ukarimu uliowekwa mikononi mwao. Paulo hakujiona mwizi. Alijua kwamba uaminifu unahitaji kuonekana.

Hivyo basi, mipaka katika kompyuta ni ndugu wa kufuli ya sanduku la sadaka. Anayeona kwamba amedharauliwa kwa kuwekewa mpaka, akumbuke kwamba siku jambo likiharibika, mpaka huo ndio utakaosema kwa niaba yake: "Huyu hakuwa na uwezo wa kulifanya hilo."

Wenye fani waliligundua mapema

Tatizo hili si letu peke yetu, wala si jipya. Katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Mfumo huo uliwezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ndipo ikaonekana haja ya kila mtu kuwa na neno lake la siri, ili mafaili ya huyu yasiguswe na yule.

Haikuchukua muda matatizo yakaanza. Mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, aliona muda aliopangiwa haumtoshi. Akaiagiza mashine imchapie orodha ya maneno ya siri, akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Baadaye likatokea jingine: wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili kwa wakati mmoja, mafaili yakabadilishana nafasi, na kila aliyeingia akaonyeshwa orodha ya maneno ya siri ya watu wote badala ya tangazo la siku. Hili la pili halikufanywa na mjanja yeyote. Lilifanywa na watu waaminifu waliokuwa na uwezo mkubwa, kama mimi na flashi yangu.

Mwaka 1975 wataalamu wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika makala juu ya kulinda taarifa ndani ya kompyuta. Kanuni zao zinafundishwa hadi leo. Nitazitaja tatu kwa maneno yetu ya kawaida.

Kwanza, kila mtu apewe uwezo unaotosha kazi yake, usizidi hapo. Pili, jambo zito lihitaji funguo mbili zilizo mikononi mwa watu tofauti. Tatu, ulinzi uwe rahisi kuutumia, la sivyo watu watauzunguka. Kanuni ya pili mnaijua tangu enzi za wazee wetu, kwa kuwa masanduku mengi ya sharika yana kufuli zaidi ya moja. Ile ya tatu ndiyo iliyonishinda.

Tulipokaza mno

Baada ya tukio la orodha, nilikwenda upande wa pili. Nikamwambia fundi afunge kila kitu: flashi zisisomeke, programu zisiwekwe, mipangilio isibadilishwe, na neno la siri la msimamizi alijue yeye peke yake. Nikalala usingizi mzuri kwa mwezi mmoja.

Mwisho wa robo ya mwaka, printa ikafa. Tukanunua nyingine, lakini kompyuta ikakataa kuipokea bila idhini ya msimamizi. Fundi alikuwa amesafiri kwenda msibani, na kule alikokwenda simu haikupatikana. Taarifa ya fedha ilikuwa tayari na mhisani alikuwa akiisubiri. Mhasibu wetu, mama mwenye bidii, aliinakili kazi yote upya kwenye laptopu ya mwanawe nyumbani, usiku, na taarifa ikaenda ikiwa imechelewa.

Baya zaidi nililigundua baadaye. Kwa kuwa kompyuta ya ofisi ilikuwa ngumu kutumika, kazi ilikuwa imehama. Vitabu vya hesabu vilikuwa kwenye laptopu ya nyumbani ambayo watoto huchezea michezo. Barua zilipita kwenye WhatsApp za simu binafsi. Majina na picha za watoto tunaowahudumia zilikuwa mikononi mwa watu watano au sita. Nilikuwa nimefunga mlango wa mbele kwa makufuli, huku nyumba nzima imehamia uani.

Hapo nilijifunza kwamba mpaka unaomzuia mtu kufanya kazi yake halali haulindi kitu.

Tunavyofanya sasa

Utaratibu tunaoutumia sasa haukuhitaji mradi mpya wala fedha za mhisani. Ulihitaji siku moja ya fundi na mkutano mmoja wa wafanyakazi.

1. Kila mtu na akaunti yake. Akaunti ya "Ofisi" tumeifuta. Kila mmoja anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, hata dereva, hata kijana wa kujitolea wa wiki mbili. Akimaliza muda wake, akaunti yake inafungwa siku hiyo hiyo.

2. Akaunti za kila siku ni za mtumiaji wa kawaida. Windows ina akaunti za aina mbili: ya msimamizi, na ya mtumiaji wa kawaida. Mtumiaji wa kawaida anaandika, anachapa na anatumia intaneti, lakini hawezi kubadili mipangilio mikuu, wala kuweka programu inayogusa mashine nzima, wala kufungua folda binafsi za mwenzake. Katika Windows XP, iliyotoka mwaka 2001 na iliyozifikia sharika nyingi kwa misaada, watumiaji wengi walipewa uwezo wa msimamizi tangu siku ya kwanza. Mazoea hayo tumeyarithi hadi leo. Mimi mwenyewe ni mtumiaji wa kawaida. Mkubwa akijipa ruhusa zote, wadogo wataona kwamba mipaka ni adhabu yao.

3. Folda za pamoja zina ngazi. Orodha ya watoto inaandikwa na mhusika wa ufadhili peke yake. Mhasibu nami tunaisoma. Vitabu vya hesabu vinaandikwa na mhasibu, mimi nasoma. Ratiba na barua za jumla ni za wote. Hapa niwatahadharishe watunza hazina: kufunga ukurasa wa Excel kwa neno la siri kunamzuia mtu asikosee, lakini hakumzuii aliyekusudia. Ruhusa iwekwe kwenye folda.

4. Neno la siri la msimamizi liko kwenye bahasha. Fundi analo, na nakala iko ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri, katika kasiki. Inafunguliwa na watu wawili pamoja, na tarehe na sababu zinaandikwa kwenye daftari. Printa ikifa tena hatutamsubiri mtu arudi kutoka msibani. Aidha, kumbukeni kwamba msimamizi anaweza kufungua folda ya mtu yeyote. Sahihi mbili zinawalinda wafanyakazi dhidi ya kuchunguzwa kwa siri, hata na mimi.

5. Flashi zinaruhusiwa kwa masharti. Kirusi cha Conficker kilichoanza kusambaa mwaka 2008 kilitumia flashi kama mojawapo ya njia zake, kwa sababu kompyuta za wakati ule zilifungua zenyewe kilichomo mara flashi ilipochomekwa. Sasa tumezima ufunguaji huo, na kila flashi inakaguliwa na programu ya kuzuia virusi kabla ya kufunguliwa. Tungezipiga marufuku kabisa, sharika zisizo na intaneti zingeshindwa kutuletea taarifa zao.

6. Ukiinuka, funga skrini. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi L. Akaunti yako ikiachwa wazi na mwingine akaitumia, tumerudi kule kule kwenye jina moja la wote.

7. Mpaka unaelezwa kabla ya kuwekwa. Tulikaa na wafanyakazi, tukasoma kila kipengele na sababu yake, na kila mmoja akasema kinachomkwaza. Katibu muhtasi alituonyesha kwamba tumemnyima folda anayoihitaji kila Ijumaa. Tukarekebisha pale pale. Kila baada ya miezi 6 tunapitia upya.

Mipaka peke yake haitoshi

Nisiwadanganye. Akaunti ya kawaida haimzuii mtu kupiga picha skrini kwa simu yake. Haizuii umeme kukatika wala diski kuharibika. Kwa hiyo nakala ya akiba ni lazima: moja ofisini, nyingine mahali pengine, nayo isiachwe imechomekwa kwenye kompyuta. Vilevile kuna virusi visivyohitaji mtu kukosea. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta katika nchi nyingi, kikavuruga hata hospitali za Uingereza. Marekebisho ya kukizuia yalikuwa yametolewa mwezi Machi mwaka huo huo, ila wengi walikuwa hawajayaweka.

Wahisani wetu, mnaotuletea kompyuta zilizotumika, tunawashukuru sana. Ombi langu ni dogo. Huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kusafirisha mashine, tafadhali hakikisheni inaweza kupokea mfumo ambao bado unahudumiwa, ama Windows mpya zaidi ama mfumo wa Linux. Kompyuta tatu zinazohudumiwa ni msaada mkubwa kuliko kumi ambazo zitakuwa mlango wa wezi.

Pamoja na hayo, sasa kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na inazihesabu taarifa za watoto, za afya na za imani kuwa nyeti. Nasi katika sharika zetu tunazo zote tatu: orodha za wanafunzi tunaowalipia ada, madaftari ya zahanati, na vitabu vya washarika. Karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi haitoshi tena mbele ya sheria. Mbele ya yule bibi aliyekuja na mjukuu wake haikutosha hata siku ile.

Mambo matatu ya kwenda nayo

Naomba kila kamati ya usharika, kabla ya kikao chenu kijacho cha robo mwaka, ifanye mambo matatu. Kwanza, hesabuni ni watu wangapi wanaotumia kompyuta yenu, kisha hesabuni ina akaunti ngapi. Namba hizo zisipolingana, anzieni hapo. Pili, kwa kila folda muhimu ulizeni: nani anahitaji kuandika, na nani anahitaji kusoma tu? Muanze na mwenyekiti na mtunza hazina, msianze na kijana wa kujitolea. Tatu, andaeni bahasha yenu, na muandike majina ya wawili watakaoifungua.

Mkikwama, ofisi ya miradi ipo. Fundi wetu yuko tayari kuzungukia majimbo, mradi usharika ugharimie nauli yake na chakula cha mchana.

Nimalizie pale nilipoanzia. Mfanyakazi akikuuliza, "Mmeniona mwizi?", msimulie habari ya kijana wetu. Mwambie kwamba tuliyemdhania hakuwa na kosa, kwamba aliyekosea alikuwa mratibu, na kwamba hapakuwa na kitu chochote mle ofisini cha kulisema hilo kwa wakati. Mwambie kwamba mipaka hii tunaiweka ili yasimpate yeye yaliyompata mwenzake.